Jerikeni Tupu ya Keji

Keji, jirani yangu hapa mtaani Sherikat, ana sukari, na mguu wake wa kushoto umeanza kufa ganzi. Nesi wa kliniki alimwambia atembee kila siku, la sivyo mguu utakatwa. Rahisi kusema. Hakumwambia atembee wapi.

Barabara yetu ilipotiwa lami tulifurahi, hadi tulipogundua kwamba waliojenga walikumbuka malori yanayovuka daraja la mto wakasahau wenye miguu. Ukikanyaga ukingoni, lori linakupigia honi utadhani wewe ndiye uliyepotea. Ukisogea pembeni, kuna mtaro. Ikabaki njia moja tu ya kutembea, ile ya nyuma, inayokatiza uwanja wa mpira hadi kwenye kisima cha pampu.

Lakini hapa mwanamke mzima hatembei hivihivi. Siku ya kwanza Keji alipotoka mikono mitupu, kila mlango ulimuuliza msiba uko wapi. Kizza wa bodaboda alimfuata akimsihi apande bure. Kesho yake Keji alijitwika jerikeni tupu, maswali yakaisha. Akawa anaenda kisimani na kurudi na maji kidogo sana, nami nikimtania kwamba siku hizi anaoga kwa kijiko. Uso ulianza kunawiri.

Kisha uwanja ukauzwa, ukazungushiwa mabati. Muda si mrefu tukaletewa bomba la maji, mbele ya lango la Keji kabisa. Tulipiga vigelegele. Keji alilia, watu wakadhani ni furaha. Mimi nilijua kinachomliza, nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Nani atalalamikia maji?

Jana alikuja dukani kwangu na jerikeni yake. Huwa tunaongea Kiswahili cha kuokoteza, alichokipata Uganda yeye na familia yake walipokuwa wakimbizi.

"Resty, dada yangu, iko kitu ya kutuma mimi? Mbali kidogo."

Nilitazama nje. Mbele malori, nyuma mabati. Sikuwa na pa kumtuma, na roho iliniuma. Nikamwambia basi azunguke duka. Nilitaka acheke.

Akajitwika jerikeni, akaenda. Nilisikia ndala yake ikiburuzika nyuma ya ukuta. Alipotokea tena mlangoni, hakuwa anacheka.

"Mimi iko fika?" akaniuliza.

Nikamwambia bado. Akazunguka tena.