Jezi ya Mjomba

Juzi, huku ugenini, mtaa wa Rosettenville, nilimkuta Mkongomani mmoja, mlinzi wa duka, akiwafundisha watoto mpira baada ya kazi, goti lake limefungwa bandeji. Harufu ya dawa ya kuchua ikanirudisha Tanga, kwa mjomba wangu, winga wa timu ya chuo cha ualimu.

Alasiri moja goti lake lilikuwa limevimba kama papai. Mchezaji mwenzake alikuja kuchukua jezi ya mjomba. Jezi zilikuwa mali ya chuo, na wachezaji walizifua kwa zamu. Nikadhani zamu ilikuwa ya mgeni.

"Usiianike juani, itapauka," nikamwambia, mjuaji tangu utotoni.

Mgeni akatazama chini. "Sawa, bosi."

Mjomba aliikunja polepole, akampa. Kesho yake akaanza kutufundisha mpira sisi watoto wa mtaa, na hakuacha hadi uzeeni. Watu wakamsifu kwa kujitolea. Sasa najua hakuna uwanja mwingine uliomtaka.

Kwa muda mrefu nilizidi kumuuliza, "Mjomba, jezi haijakauka tu?"

"Bado," alikuwa akijibu, macho kwenye mpira. "Jua hakuna."

Nasi tulikuwa tumesimama juani, tunaungua.