GPS Yangu Iliniingiza Uchochoroni Mlandege

Jamani, acheni niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Mimi ni dereva wa lori la tela, na juzi nilipakia mchele Ubaruku kuupeleka kwenye ghala mjini Iringa. Lori lina ramani yake kwenye dashibodi, inayojua urefu na uzito wa gari, na bosi wangu, Mama Sanga, alinisisitiza niifuate. Lakini mimi mjuaji nilijinunulia GPS ndogo ya kubandika kiooni, yenye sauti tamu ya dada.

Nilipomaliza kupandisha kutoka Ipogolo, ramani ya lori ikaniambia nifuate barabara kubwa. GPS yangu ikasema nikate kupitia mtaa wa Mlandege, ni karibu. Nikamtii dada. Kumbe niliiacha kwenye mpangilio wa gari dogo! Kwenye kona ya pili tela likaziba uchochoro mzima. Mbele yangu ukuta, nyuma yangu msafara wa harusi.

Nikashuka, jasho linanitoka, na simu ikaita. Alikuwa Mama Sanga.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Niko ghalani, mama. Tunashusha mchele."

"Ulifuata ramani ya lori?"

"Kama ulivyoniagiza, mama."

"Mbona nasikia matarumbeta?"

"Vibarua wamefungulia redio, mama."

"Haya, waambie vibarua wazime redio. Halafu wewe geuka."

Nikageuka. Mama Sanga alikuwa amesimama nyuma ya tela, amevaa kitenge cha sare ya harusi, simu bado iko sikioni.