Kipa Wangu Ana Matundu Mawili

Jamani, leo nimeibiwa huku nakodoa macho, na sina pa kushtaki.

Jonasi, rafiki yangu wa utotoni, kaja kutoka Kibondo kunisalimia hapa Kasulu. Kabeba kopo lenye zile picha za wachezaji tulizokuwa tunazipata kwenye bablishi miaka ya tisini.

Mle ndani nikamwona kipa wangu. Nilimlilia darasa la nne lote!

(Mnakumbuka? Tulizichanganya kucheza, tukimaliza kila mtu anachukua zake kwa alama. Sisi tulitoboa kona kwa mwiba. Mimi tundu moja, Jonasi mawili.)

"Jona, huyu wangu."

"Alama yako ipi?"

"Tundu moja."

Akamwinua kipa dirishani. Mwanga ukapita kwenye matundu mawili.

"Si umeongeza la pili!"

"Thibitisha basi, bwana."

Nithibitishe nini? Tundu moja unaliongezea lingine. Mawili utayapunguzaje?

Mke wangu, badala ya kunitetea, akamwongezea chai.

Wanasheria wa humu, nisaidieni. Kaondoka na kipa wangu.

Na ule mwiba, nilimkatia mimi.