Nilivyomtafuta Sodiamu Kituoni

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sioni haya kusema hivyo. Nimelea watoto wawili mtaani Shauri Moyo nikiuza mapazia ya mitumba katika soko la Gikomba, na kila balaa iliyoingia kwangu ilianza kwa mnong'ono.

Mwaka juzi mwanangu wa kiume alizolewa na polisi pamoja na vijana waliokuwa wamesimama tu kwenye kona. Alilala ndani, akatoka kwa bondi, ile karatasi ya dhamana, baadaye kesi ikafa. Aliniomba jambo moja tu: jina lake lisisikike tena kituoni. Akapata kazi ya kuchomelea milango, jioni anarudi macho mekundu kwa moto wa kazi. Nami nilikuwa nikiyatazama yale macho nikijiuliza kama kweli ni moto.

Jumapili moja alasiri nilikuwa nakunja nguo kitandani, yeye na dadake wa kidato cha pili wako upande wa pili wa pazia linalogawa chumba chetu. Wakashusha sauti. Nikasimamisha mikono.

"Sodiamu ako na moja tu huku nje," kijana akasema. "Hiyo anataka kuitoa."

"Na Klorini?"

"Ako na saba, amekosa moja tu. Akipewa anachukua, na hapo wameshikana. Hiyo ndio bondi."

"Na Haidrojeni?"

"Hao ni wawili, na hakuna anataka kuachilia yake. Wanashare. Hiyo pia ni bondi."

Mtaani kwetu kijana hakosi jina la kubandikwa, na bondi ni karatasi ya polisi, haina maana nyingine. Mimi nikaona wanahesabu simu za wizi: mmoja anatoa, mwingine anapokea, na wale wengine wanagawana. Nilikasirika sana. Hata hivyo sikuuliza. Nilijiambia kwamba nikiuliza atanidanganya.

Asubuhi yake nilimwachia jirani kibanda changu cha mapazia, nikaenda kituoni. Nikamtajia askari wa kaunta majina ya mwanangu, yote matatu, nikamwuliza kama ana kesi na vijana wanaoitwa Sodiamu na Klorini. Alikuwa ameshaliandika jina kwenye kitabu kikubwa kalamu iliposimama.

"Mama, hao si watu," akasema. "Hao walinisumbua hata mimi shuleni."

Akanieleza huku akicheka. Sodiamu humpa klorini elektroni yake moja ya nje. Mtoaji hubaki na chaji chanya, mpokeaji na chaji hasi, na kwa sababu hiyo huvutana. Ndiyo chumvi ninayotia kwenye mboga ya sukuma. Haidrojeni wawili hawapeani kitu. Kila mmoja huleta elektroni yake, wakawa na jozi moja ambayo ni ya wote wawili. Kushikana huko, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, ndiko kwenye kemia huitwa bondi.

"Huyo kijana alikuwa anamfunza dadake," akasema.

Nikamwomba afute jina. Akaniambia kitabu cha kituo hakifutwi.

Jioni nilimweleza mwanangu kila kitu, hata habari ya kitabu, maana niliona afadhali aisikie kwangu. Niliona aibu kubwa. Binti yangu akafunga daftari lake. Kijana hakupaza sauti.

"Mama, tangu ile siku hakuna polisi ameulizia jina yangu," akasema. "Umewapelekea mwenyewe."