Nusu ya Kichwa

Eliakunda alimchukia yule mlezi wa bweni tangu siku ya kwanza, na kosa lake hakulijua. Mlezi hakumwita mtoto kwa mbali; alimfuata alipo, akachuchumaa, ndipo akasema naye kwa sauti ya chini. Ukimsalimia, kwanza alipangusa viganja kwenye kanga, hata vikiwa vikavu. Na Nakijwa, binti yake Eliakunda, aliyekuwa akivunja vyungu na kumng'ata mama yake hadi ukoo ukaamua aletwe huku Vudee, kwenye shule ya watoto walioshindikana, alitulia tuli katikati ya magoti ya mwanamke huyo, akisukwa. Nyumbani Lembeni, kumchana tu ilikuwa vita.

Jumapili ya wazazi, Eliakunda alipanda mlima na gauni la mitumba alilomchagulia mwanawe kwenye biashara yake kabla wateja hawajaligusa. Akamkuta amesukwa upande mmoja tu, wa pili nywele timtim. Moyo ukamruka kwa furaha: leo kosa limepatikana.

"Ndiyo matunzo haya, dada?"

Mlezi akapangusa viganja. "Amenikatalia, Mama Nakijwa. Anasema upande huo ni wako."

Akainuka, akamwachia chanuo. Eliakunda akakalia kigoda ambacho bado kilikuwa na joto la yule, akasuka upande wake akikaza, akizidi kukaza, hadi ngozi ya paji la uso ikavutika na mtoto akafumba macho asilie. Alitaka nywele alizosuka yule ndizo zitangulie kufumuka.