Mizani ya Fakihi na Ndege ya Wagonjwa

Tarehe 3 Februari 1992, Katarina Alfonsi, mjane wa miaka arobaini na mmoja, alitia sahihi mkataba wa kutunza kiwanja cha ndege cha zahanati ya misheni, nje kidogo ya Kitomanga. Mkataba ulitaja kazi tatu: kufyeka majani, kufukuza mbuzi na kupima uzito wa kila anayepanda ndege ya wagonjwa. Mbili za kwanza alizifanya kwa panga na kwa matusi. Ya tatu aliifanya kwa mizani ya chama cha ushirika, mpaka ghala la chama lilipofungwa na wanunuzi binafsi wa korosho wakaingia na mizani zao.

Ndiyo maana asubuhi moja ya Novemba 1994 alikuwa akiisukuma kwa toroli mizani ya Fakihi, mnunuzi kutoka Dar es Salaam, kuitoa kwenye foleni ya magunia hadi ukingoni mwa kiwanja. Rosemary, mke wa Edwin, alikuwa na uchungu tangu juzi jioni. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na mvua ilikuwa imebeba daraja la njia ya Lindi. Muuguzi Bertha aliiita ndege kwa redio ya upepo. Bila upasuaji siku hiyo hiyo, alisema, wangempoteza mama na mtoto.

Ndege ikatua. Rubani alikuwa Quresh, kijana wa wenye duka Lindi mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda, nyumbani hawapiki?"

"Wanapika. Kiwanja chako kimelowa, mama. Leo nipe abiria wa kilo mia na themanini, basi. Ikizidi hapo, nitakwenda kuwaangulia korosho kwenye ile mikorosho ya mwisho."

Katarina akapima. Rosemary, akishikwa mkono tu asianguke, kilo hamsini na sita. Bertha, hamsini na mbili. Mama Edwin, mkwe wa mgonjwa, alipanda na sufuria, mkeka na kuku. Akanyang'anywa vyote, mizani ikasoma sitini na tisa. Jumla mia na sabini na saba. Ndugu wakashangilia.

Katarina hakushangilia. Kila mizani ngeni huipanda mwenyewe kwanza, na leo kwa haraka alikuwa amesahau. Akapanda. Sitini na moja. Mwezi uliopita, kliniki ya Lindi, alikuwa sabini na moja.

"Nimepungua kilo kumi kwa mwezi," alisema kwa sauti, "na gauni bado linanibana."

Fakihi akasogea. "Dada, mizani ya korosho haijazoea watu."

"Korosho imezizoea?"

"Tuyamalize baadaye," alinong'ona. "Nikiondoka na mizani yangu, nani atanunua korosho zenu msimu huu?"

Hakuwapo mwingine, na Katarina mwenyewe alikuwa na magunia manne kwenye ile foleni. Akaitazama mikorosho mwisho wa kiwanja. Akamtazama Rosemary, ambaye sasa halii tena, anaguna tu. Kisha akaenda stoo ya misheni, akarudi na mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. Kilo hamsini, uliandikwa ubavuni. Mizani ikasoma arobaini na tatu.

Foleni nzima ikalipuka kwa kicheko.

"Bwana Fakihi!" alipiga kelele Abilahi, mkulima wa Kilangala. "Hata saruji umeipunja!"

Fakihi naye akacheka, kama mtu anayeumwa jino.

Katarina alipiga hesabu kwa mkaa juu ya mfuko. Rosemary alikuwa sitini na tano, Bertha sitini na ushei, Mama Edwin themanini. Ndege ingezidiwa kilo zaidi ya ishirini na tano.

"Mama Edwin, unabaki."

"Nibaki? Na nani atamshika mkono mkwe wangu?"

Katarina akawakagua ndugu wa kike. Walikuwa wanawake walioshiba. Mwembamba alikuwa mmoja tu: Edwin, aliyesimama mbali kabisa, kwa kuwa kwao mwanamume hasogelei uzazi. Akaburutwa hadi kwenye mizani. Arobaini na sita. Yaani hamsini na tatu na nusu. Jumla mia na sabini na tisa.

"Mwanamume aende leba?" alifoka Mama Edwin. "Tangu lini? Huyu akiona damu ya kuku tu, chini!"

"Mwacheni aje!" Sauti ya Rosemary ilikwaruza. "Akaone alichokifanya!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Edwin akavuliwa mabuti yenye tope, akapanda pekupeku.

Ndege ilikimbia, ikatawanya matope, ikakimbia tena kupita pale inapoinuka siku zote. Magurudumu yakapita juu ya mikorosho kwa kimo cha mtu mmoja.

Alipogeuka, foleni ya magunia ilikuwa imehamia ukingoni mwa kiwanja, na hakuna aliyemruhusu Fakihi kuondoka na mizani. Hata angeruhusiwa, asingefika mbali: lori lake lilikuwa upande huu wa daraja lililobebwa. Akakubali kuhesabu kila arobaini na tatu kuwa hamsini, na kuanza upya na magunia ya jana.

Saa tisa alasiri redio iliita. Bertha alisema ni mtoto wa kike, mama yake ni mzima, na Edwin amezirai mara moja tu. Watarudi kwa ndege Jumatatu ya wiki ijayo, kiwanja kikikauka.