Kuku Wawili wa Madoa

Nimewahi kuwa mwizi wa kuku. Nasema mapema usije ukanionea huruma bure. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye cheti na saa ya mkononi, na nilimwibia mwanamke mzee mbele ya ploti nzima, tena watu wakanipa hongera.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, pale Suna, Migori. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba kumi vilivyotazamana, uani bomba moja la maji na kamba za nguo. Nilikuja kutoka kwetu, upande wa Asumbi, na godoro, jiko la makaa, na kuku jike wa madoa meusi na meupe ndani ya kikapu. Kuku huyo alitoka kwa mama. Alimfunga miguu mwenyewe kwa uzi wa gunia, akaniambia kwamba nikiwa na kuku sitakosa wa kugombana naye asubuhi.

Miezi minne baadaye mama akafariki. Sikumlilia vizuri. Kule matangani mimi ndiye niliyekuwa wa kutafuta viti na kuuliza sukari iko wapi, kisha likizo ikaisha nikarudi kufundisha. Nikabaki na kuku. Alilala kwenye katoni chini ya meza, na nilimsemesha Kijaluo, maana ploti nzima tulizungumza Kiswahili na ulimi wangu ulikuwa na hamu ya nyumbani. Alikuwa na kiburi huyo. Ukichelewa kumfungulia mlango alikuja kukudonoa kidole cha mguu chini ya blanketi. Nilimpenda, na sioni haya kusema.

Asubuhi moja nikamkuta amekufa ndani ya katoni, shingo imepinda. Nikashikwa na hofu, nikidhani ni kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wa mtaa mzima kwa siku tatu. Na kwenye ploti, yule ambaye kuku wake anatangulia kufa ndiye anayeambiwa ameleta ugonjwa. Kila kuku atakayefuata ataletwa mlangoni kwako akiwa amekauka. Basi nikamfunga kwa gazeti, nikamtia mkobani juu ya madaftari ya wanafunzi, nikamzika nyuma ya shamba la mahindi la shule kabla ya kengele. Sikumwambia mtu. Wiki ikapita na hakuna kuku mwingine aliyekufa, kwa hiyo labda alikula sumu ya panya. Lakini nilikuwa nimeshanyamaza, nikaendelea kunyamaza.

Mlango wa pili kutoka kwangu alikaa Nyanya. Alikuwa Mkuria wa Ntimaru, ameletwa mjini na mwanawe, dereva wa lori, ili awe karibu na hospitali. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alikuwa akiona vivuli tu. Mwanawe akisafiri, alikaa peke yake siku tatu, nne. Usimfikirie mpole. Redio yangu ilikuwa na kelele, maji yangu ya kufulia yalipita mlangoni kwake, na aliniita Mwalimu kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Kitu pekee alichokuja nacho kutoka kwao, ukiacha nguo, ni kuku jike wa madoa meusi na meupe. Ungedhani wake na wangu walitoka kwenye yai moja.

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa mlangoni nachagua omena, wale dagaa wetu wa ziwani, kuku wa Nyanya akaja. Nikamtupia vichwa. Jumapili akaja tena, nikamtupia vichwa na omena wazima kadhaa. Jumatatu nilimkuta ananingoja nikitoka shuleni. Siku ya nne, jua likishuka, akaingia ndani, akapita chini ya meza, akapanda kwenye ile katoni ambayo sikuwa nimepata moyo wa kuitupa. Akajikunyata humo. Ningeweza kumtoa. Nilisimama hapo nikimwangalia, halafu nikafunga mlango.

Nyanya alimwita jioni mbili, akigonga kopo la mahindi na kuita kwa Kikuria. Nami ndani namtia kuku omena mdomoni ili anyamaze. Jioni ya tatu akapapasa ukuta mpaka kwangu.

"Mwalimu, hiyo kuku inalala kwako ni yangu."

"Hii ni yangu, Nyanya," nikasema. "Yako imepotea."

Ilikuwa rahisi mno. Ploti nzima ilikuwa imeniona na kuku wa madoa tangu siku niliyohamia. Mashahidi nilikuwa nao hata sikuwatafuta.

Maneno yakafika kwa Mzee wa duka, Mwislamu mmoja mtu wa Pwani aliyekuwa na duka mbele ya ploti. Tulimpelekea magomvi yetu kwa sababu hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu. Akasema tufanye kama inavyofanywa kote. Kuku ashinde dukani kwake chini ya tenga, jioni aachiliwe katikati ya uwanja, na mlango atakaoingia kulala, mwenye mlango huo ndiye mwenye kuku. Nyanya akakubali mara moja. Mimi pia nikakubali, kisha nikaenda nikaliacha beseni la omena mlangoni makusudi, tupu lakini bila kulisuuza.

Saa kumi na mbili watu wote walikuwa uani. Mzee wa duka akainua tenga. Nyanya alisimama mlangoni kwake na kopo, akaita. Kuku akapiga hatua tatu kuelekea kwake, akasimama, akageuza kichwa. Kisha akakata uwanja mbio, akadonoa ndani ya beseni langu, akaingia chini ya meza.

Watu wakacheka, mmoja akanipiga bega. Nyanya alikuwa bado anagonga kopo.

"Ameenda wapi?" akauliza.

Kila mtu alikuwa akingoja mwingine aseme.

"Kwangu, Nyanya," nikasema.

"Basi," akasema. "Basi ni yako." Akatafuta fremu ya mlango kwa mkono, akaingia ndani. Usiku huo nilimsikia kuku akipumua kwenye katoni, na haikuwa raha yoyote.

Kesho yake kabla sijavaa viatu Nyanya akabisha. Alikuwa ameshika kipande cha kanga kuukuu, kimefuliwa na kukunjwa.

"Kama hiyo kuku ni yako, futia meza," akasema. "Kama ni yangu, itandikie. Miguu yake haipendi baridi."

Akaniachia kanga mkononi, akarudi zake.

Nilikaa kitandani kidogo. Halafu nikamtoa kuku kwenye katoni, nikavuka, nikaingia kwa Nyanya bila hodi, nikamweka mapajani pake. Vidole vyake vikapita kwenye kilemba cha kuku, vikashuka shingoni, vikaingia chini ya bawa.

"Ni yangu," akasema.

"Ni yako."

"Na ile yako?"

"Ilikufa. Nikaizika shambani kwa shule, sikumwambia mtu."

"Wewe ni mwizi, Mwalimu."

"Ndiyo, Nyanya."

"Jioni utasema mbele ya watu, kama vile walivyocheka."

"Nitasema."

Kuku akajitikisa na kutulia. Nilidhani nimefukuzwa, nikageuka kuondoka, na sijui kwa nini nikaongeza, "Ilitoka kwa mama yangu. Mama hayuko tena."

Nyanya akaupitisha mkono juu ya kuku.

"Wakati uliizika," akauliza, "ulikuwa na nani?"

"Sikuwa na mtu."

Akasogea ukutani, akapigapiga nafasi aliyoiacha kwenye mkeka. Nikakaa. Nikamlilia mama yangu pale, nyumbani kwa mtu niliyemwibia, mpaka kengele ya shule ikalia na kunyamaza, na Nyanya hakunibembeleza wala hakuniambia niende.